Kijana Aliyejeruhiwa Nafsi Hahitaji Askari



Ndugu zangu na dada zangu, someni hii mpaka mwisho hata kama ni ndefu. Tumezoea kupaza sauti mtu akikamatwa, mtu akipotea, nyumba ikivamiwa usiku. Leo nataka tuongee kuhusu jeraha ambalo halionekani kwenye picha: afya ya akili ya vijana wakimbizi wa Dadaab, Kakuma na Eastleigh, pamoja na ya vijana wenyeji wanaoishi nao Garissa, Turkana na hapa Nairobi.

Ninachosema ni hiki. Kwa zaidi ya miaka 30, hawa vijana wamepelekewa askari mahali palipohitaji mshauri. Wakilia njaa, askari. Wakikosa karatasi, askari. Wakizidiwa na mawazo, askari. Na sisi wenyewe kama jamii tumewajibu kwa maneno mawili tu: "subira" na "jini". Sasa kuna mpango mpya wa serikali wa kuzigeuza kambi kuwa miji. Tukinyamaza, miji hiyo itapata barabara, itapata soko, itapata kituo cha polisi, na mshauri atasahaulika tena.

BUUFIS

Vijana wa Dadaab wana neno la Kisomali, buufis. Muulize yeyote aliyekulia Ifo, Dagahaley au Hagadera, atakueleza kabla hujamaliza swali. Ni ile hamu ya kupelekwa nchi ya tatu, Marekani au Canada au Ulaya, inayomkamata mtu mpaka halali, hasomi, hataki kuoa wala kufungua hata kibanda cha sukari, kwa sababu mwili uko kambini lakini roho ishapanda ndege. Neno hilohilo hutumika kwa yule ambaye safari yake ilivunjika na akili ikavunjika nayo. Watafiti wameandika vitabu kuhusu buufis, ila watu wa kambi walikuwa nalo kabla ya mtafiti yeyote kufika na daftari lake.

Msidhani ni uvivu, wala msidhani ni ndoto za kitoto. Huo ugonjwa una tarehe zake, na tarehe zenyewe zinajulikana.

Dadaab ilianza 1991 baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Mogadishu. Kakuma ikafuata 1992. Zote ziliambiwa ni za muda. Mtoto aliyezaliwa Ifo mwaka 1992 sasa ni mtu mzima wa miaka zaidi ya 30, pengine ana watoto wake, na bado akitaka kuja Nairobi anatakiwa awe na ruhusa ya maandishi mfukoni. Mei 2016 serikali ikatangaza kwamba inafunga Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema uamuzi huo unakiuka Katiba. Machi 2021 serikali ikarudi tena, ikaipa UNHCR siku 14 ilete mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma zote mbili.

Ng'ambo nako hivyohivyo. Januari 2017 Rais Trump alitia sahihi amri iliyowafungia mlango Wasomali na watu wa mataifa mengine kadhaa. Walikuwemo watu waliokuwa wameshahojiwa kwa miaka na wameshapimwa afya. Januari 2025, siku ileile aliyorudi ofisini, akasimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi.

Hebu jiweke hapo. Unaambiwa unaondoka, huondoki. Unaambiwa kambi inafungwa, haifungwi. Unaambiwa tena, na tena. Kila mara unafungasha na kufungua, kwenye begi na kwenye kichwa. Kuna mtu gani, hata awe na moyo wa jiwe, anayeweza kuishi hivyo tangu utotoni halafu awe mzima?

Halafu kuna njaa. Katikati ya 2025, baada ya misaada ya nje kukatwa, hasa ya Marekani, mgao wa chakula wa WFP kwa wakimbizi wa Kenya ulishuka mpaka asilimia 28 ya kile kinachohesabiwa kuwa kiwango cha chini cha kumweka mtu hai na afya. Asilimia 28, jamani. Chini ya theluthi moja. Vijana wa Kakuma walitoka barabarani mwaka huo kulalamikia chakula. Waliletewa nini? Mnajua jibu. Waliletewa polisi.

Na pesa zilipopungua, mashirika yalipunguza wafanyakazi. Kila mara makasi yanapopita, huduma ya ushauri nasaha huwa kati ya zile za mwanzo kuguswa, kwa sababu machoni pa anayeshika bajeti mtu mwenye huzuni anaweza kungoja. Hangoji. Anazama.

Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2019: kati ya watu 5 wanaoishi katika maeneo yaliyopitia vita, karibu 1 ana tatizo la afya ya akili, kuanzia huzuni nzito na wasiwasi mpaka magonjwa makubwa yanayohitaji dawa. Kenya ina wakimbizi zaidi ya 800,000. Fanya hesabu mwenyewe, halafu ujiulize washauri wako wangapi.

NA WENYEJI JE?

Hapa ndipo wengi wanateleza. Kuna mtu atasoma mpaka hapa aseme, "Kila siku wakimbizi, wakimbizi. Sisi wenyeji nani anatuuliza?" Ndugu yangu, una haki ya kuuliza. Tena nitakusaidia kuuliza kwa sauti kubwa zaidi.

Kijana wa Garissa hakuzaliwa kwenye amani akaletewa shida na mgeni. Amezaliwa kwenye nyumba ambayo babu hazungumzii Februari 1984, pale Wagalla, Wajir, wanaume walipokusanywa kwenye uwanja wa ndege na wanajeshi wa nchi yao wenyewe na wengi wao hawakurudi nyumbani. Hazungumzii Garissa 1980, mji ulipochomwa na watu wakafungiwa uwanjani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika yote hayo na ikamkabidhi Rais ripoti Mei 2013. Ni mjane gani wa Wagalla aliyekaa na mshauri akaulizwa analalaje usiku? Mzee aliyeyaona yale amezeeka nayo kifuani. Na mtoto anayelelewa na mtu mwenye hofu, hujifunza hofu kabla ya kujifunza kusoma.

Halafu ikaja tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, rika letu sisi. Wako waliotoka hai wakiwa wamelala chini ya miili ya wenzao. Wako wazazi waliosafiri kutoka pande zote za Kenya kwenda kutambua watoto. Na wako vijana wa Garissa ambao asubuhi iliyofuata waligeuka washukiwa kwa sababu ya sura zao na majina yao. Hayo yote ni majeraha. Sitaki mtu aniambie nichague lipi la kulilia.

Na liko jeraha moja ambalo ni la Garissa hasa. Miaka ya ukame, familia za Wakenya Wasomali zilizopoteza mifugo zilikwenda kambini kujiandikisha kama wakimbizi ili watoto wale. Mama alifanya alichoweza. Mtoto akapigwa alama za vidole. Leo mtoto huyo ana miaka 25, ni Mkenya, baba yake Mkenya, babu yake Mkenya, lakini akienda kuomba kitambulisho kompyuta inasema yeye ni mkimbizi. Maelfu ya vijana wamekwama hapo. Bila kipande husajili laini ya simu kwa jina lako, huajiriwi, hufungui akaunti, na ukipanda basi kuja Nairobi unateremshwa kwenye kizuizi. Februari 2025 Rais alitangaza kwamba ule utaratibu wa vijana wa mpakani kuchujwa mbele ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho umefutwa. Alhamdulillah, ni hatua. Lakini miaka ambayo kijana amekaa kibarazani akiambiwa "wewe si wa hapa" haifutwi kwa tangazo.

Turkana nako, mwenyeji wa Kakuma ameangalia malori ya chakula yakipita mbele ya boma lake kwenda kwa mgeni wakati mbuzi wake wanakufa kwa ukame. Ukimwambia asikasirike unamdharau. Kijana wa Kiturkana asiye na kazi na kijana wa Sudan Kusini au Kongo asiye na ruhusa ya kutoka wanagombania kuni na maji, wanapigana, halafu wote wawili wanarudi usiku kwenye giza lilelile.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba kheri ya mgeni inapaswa kumfikia na mwenyeji. Ukijenga huduma ya mkimbizi peke yake ukaizungushia seng'enge, umepanda chuki. Ukimwacha mkimbizi eti kwa sababu mwenyeji hajapata, umeacha wagonjwa wawili badala ya mmoja.

ASKARI MAHALI PA MSHAURI

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa nini huyu kijana, akiwa mgonjwa, haendi kutafuta msaada?

Kwa sababu amefundishwa kwamba kila mwenye ofisi ni askari. Desemba 2012 ilitoka amri kwamba wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta. Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch. Eastleigh ilizungushiwa, milango ikavunjwa usiku, maelfu wakabebwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Akina mama walitenganishwa na watoto. Wakenya wenye vitambulisho walichukuliwa pamoja na wakimbizi, na aliyekuwa na kitu kidogo mfukoni aliachiwa njiani. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 usiku ule sasa ni kijana mzima. Akisikia gari limesimama nje saa tisa za usiku, mapigo ya moyo hayamuulizi ni mwaka gani.

Mtu ataniambia, "Lakini kulikuwa na mashambulizi. Serikali ifanye nini?" Ndiyo, yalikuwepo, na waliokufa walikuwa binadamu, na wengine walikuwa Waislamu wenzetu. Mhalifu atafutwe, ashtakiwe, ahukumiwe kwa ushahidi. Lakini kuamsha mtaa mzima usiku na kuwapanga watoto uwanjani hakumtafuti mhalifu. Kunazalisha kizazi ambacho hakitamwambia mtu yeyote wa serikali kitu chochote, hata kikiwa kinaumwa.

Tazama inavyokuwa. Kijana wa Kisomali ameanza kujifungia. Haongei, haji sala ya jamaa, amebadilisha marafiki, analala mchana, anakesha na simu. Ukimpeleka kwa daktari hizo huenda zikawa dalili za sonona. Ukimpeleka kwa afisa wa usalama zinaitwa dalili za itikadi kali. Mzazi analijua hilo, ndiyo maana anamficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu mzazi tumlaumu vipi, wakati kufichua maradhi kunaweza kumletea Land Cruiser nyeusi mlangoni?

Hata sheria ilikuwa hivyo. Mpaka juzi tu, aliyejaribu kujitoa uhai nchini Kenya alikuwa mhalifu chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Mtu ameokolewa, badala ya kitanda anapewa seli. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hukumu hiyo imesema waziwazi kile ninachosema hapa: mtu aliye kwenye maumivu hayo anahitaji matibabu. Sasa nataka tuichukue hukumu hiyo tuitembeze mpaka kambini, mpaka kwenye kituo cha polisi cha mwisho huko mpakani.

TUJITAZAME NA SISI

Msinielewe kwamba lawama zote ni za serikali. Misikitini mwetu kijana akisema ana mawazo anaambiwa imani yake ni haba. Akizidi, anaitiwa mtu wa kusoma ruqya. Akizidi tena, anafungwa mnyororo chumba cha nyuma, na tunajua inafanyika, na tunanyamaza kwa sababu ni aibu ya familia.

Mimi sina ugomvi na ruqya. Kisomo ni chetu, dua ni silaha yetu, na kuna watu dhikri imewavusha usiku ambao dawa haikuwepo. Lakini nani alituambia kwamba huzuni ni dhambi? Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib mwaka mmoja, na historia ya Uislamu ikauita mwaka ule Mwaka wa Huzuni. Nabii Yakub (a.s.) alilia kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yake yakapofuka. Alikuwa na imani haba? Abu Zayd al-Balkhi, Mwislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi, akaeleza huzuni, hofu, hasira na wasiwasi kama maradhi yenye tiba, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hizi semina za hotelini. Qahira mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali iliyopokea na wagonjwa wa akili. Kwa hiyo anayesema ushauri nasaha ni mambo ya wazungu, mwambie arudi darasani.

Mnyororo ndio usio wa kwetu. Ustadhi, maalim, imamu: mlete mgonjwa kisomo, na kesho yake asubuhi mfuatane naye zahanati. Hakuna aya inayokukataza.

Na wale wanaosema mkimbizi arudi kwao kwanza ndipo tujadili afya yake, wakumbuke Madina. Muhajirina walifika mikono mitupu, na Mtume (s.a.w.) akawaunganisha na Answari, mmoja kwa mmoja, udugu wa nyumba kwa nyumba. Saad bin Rabii alimwambia Abdulrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka, akasema amwonyeshe soko liko wapi. Ule ndio mfumo mzima. Mwenyeji alifungua mlango, na mgeni akaomba nafasi ya kufanya kazi. Hakuomba kukaa foleni ya mgao miaka 30. Ukimnyima mtu soko ukampa unga tu, unamnyima na heshima, na mtu asiye na heshima machoni pake mwenyewe ni rahisi kuvunjika.

HATUNA PESA, SAWA. LAKINI TUNA WATU

Hoja ninayoisikia zaidi kwa wakubwa ni kwamba madaktari wa akili hawatoshi. Kweli, hawatoshi. Ni wachache mno nchi nzima, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Tukingoja kila kambi na kila lokesheni ipate daktari wake, tutazeeka.

Lakini kuna njia ambayo imeshajaribiwa. Mwaka 2006, Harare, mtaa wa Mbare, daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda alikuwa na tatizo kama letu, wagonjwa wengi na wataalamu hakuna. Akafundisha mabibi 14 wa mtaa kusikiliza na kumsaidia mtu kupanga hatua za kutatua shida yake, wakikaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Hawakutumia majina magumu ya vitabuni. Walitumia neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, kama vile sisi tunavyosema "ana mawazo". Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapa Nairobi pia, mbinu ya Shirika la Afya Duniani ya vikao 5, inayotolewa na watu wa kawaida waliofundishwa, ilijaribiwa kwa wanawake waliopitia ukatili, na ikaleta nafuu.

Kenya, kuanzia Septemba 2023, ina wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 wanaotembea nyumba kwa nyumba na mikoba yao. Wanapima presha, wanauliza kuhusu chanjo. Waongezewe mafunzo na posho waulize na swali moja zaidi: unalala? Ndani ya kambi wako wakimbizi walimu, wauguzi, wakunga, wanaozungumza Kisomali, Kioromo, Kiarabu cha Juba, Kiswahili cha Kongo. Wafundishwe na waajiriwe, wala wasiitwe "wa kujitolea" miaka 10 wakilipwa za kununulia soksi.

Na mashirika nanyi, mnisamehe, warsha zimetuchosha. Siku tatu hotelini, fulana, picha na bango, "vijana wamewezeshwa", halafu mradi umeisha na kijana aliyefunguka mbele ya watu siku ya pili ameachwa na kidonda wazi. Katika vikao vyetu vya vijana nimesikia jambo hilo mara nyingi mno: "Walikuja, wakatuuliza tulichoona, tukalia, wakaondoka." Mtu akifunguliwa jeraha, kuwe na wa kulifunga. Kama huna mpango wa mwaka mzima, usimuulize mtoto wa watu aliona nini vitani.

TUNADAI NINI

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaotaka wakimbizi na wenyeji watumie shule, hospitali na masoko pamoja badala ya kambi kuwa kisiwa. Wazo ni zuri. Mimi naliunga mkono. Lakini wazo halimtibu mtu. Kwa hiyo tunadai haya:

1. Benchi moja. Kila zahanati na kituo cha afya ndani ya Dadaab, Kakuma na Kalobeyei na vijiji vinavyozizunguka kiwe na mshauri wa kudumu anayehudumia mkimbizi na mwenyeji kwa foleni ileile, kwa lugha wanayoielewa. Eastleigh pia, kwa sababu mkimbizi wa mjini husahaulika kila bajeti.

2. Kaunti zitekeleze sheria. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyotiwa sahihi Juni 2022 yamezipa serikali za kaunti jukumu la huduma hizi. Magavana wa Garissa, Turkana na Nairobi watuonyeshe ziko kwenye mstari gani wa bajeti na ni shilingi ngapi. Wasitutajie UNHCR.

3. Mshauri asiwe jasusi. Kuwe na amri ya maandishi kwamba anachosema mgonjwa kwa mshauri hakipelekwi kwa vyombo vya usalama kwa sababu tu ya jina lake, dini yake au anakotoka. Bila hilo hakuna kijana wetu atakayekaa kwenye hilo benchi.

4. Karatasi ni tiba. Vijana waliokwama kati ya ukimbizi na uraia wafutwe kwenye daftari la wakimbizi na wapewe vitambulisho vyao. Mkimbizi apewe haki ya kufanya kazi ambayo tayari imeandikwa kwenye Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na ruhusa ya kusafiri isiwe biashara ya mtu.

5. Polisi wa maeneo hayo wafundishwe hukumu ya Januari 2025. Aliyejaribu kujitoa uhai apelekwe hospitali, na familia yake isiulizwe hata shilingi.

Na kama afisa yeyote atakuuliza mkimbizi anadai kwa haki gani, mfungulie Katiba, kifungu cha 43. Kinampa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya "kila mtu". Hakikusema kila raia. Walioandika waliijua tofauti, kwa sababu kwingine wameandika "kila raia" walipotaka kusema hivyo.

WEWE UFANYE NINI

Kaunti yako ikiitisha kikao cha wananchi cha bajeti, nenda. Nenda na wenzako 10. Uliza swali moja tu, la mshauri, mpaka lijibiwe kwa namba. Muombe imamu wako khutba moja ya Ijumaa kuhusu huzuni. Kama una mwenzako aliyekimya ghafla, usimtumie tu video ya mawaidha. Mtembelee, kaa naye, msikilize bila kumkatiza, na akikwambia hataki kuishi, usimwache peke yake na usiogope kumuuliza waziwazi. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, haitozwi pesa. Mtoto anaweza kupigiwa 116. Zihifadhi kwenye simu yako sasa hivi kabla hujaendelea kuteleza kwenye ukurasa.

Na ikiwa wewe mwenyewe ndiye unayesoma hii saa nane za usiku huku kifua kimebana, jua hujapungukiwa imani na hujapungukiwa akili. Umebebeshwa mzigo ambao mtu mmoja hapaswi kuubeba peke yake. Mwambie mtu mmoja leo. Mmoja tu, wa kuanzia.

Sisi tutaendelea kuwauliza magavana kuhusu hilo benchi. Andikeni hapo chini: kwenye kata yenu, mshauri wa karibu yuko umbali gani? Tunakusanya majibu, na tutayapeleka kwenye vikao vya bajeti yakiwa yamepangwa kata kwa kata.

Wabillahi taufiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

#BenchiMoja #AfyaYaAkiliNiHaki